Kadi za Zamu ya Kisima

Mama yangu alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Kajiado. Siku za likizo, miaka ya tisini ilipokuwa inaanza, alinichukua kazini nikaketi kando ya kabati la mafaili nikimwangalia. Hakutazama vidole vyake hata mara moja. Alitazama karatasi ya mkubwa wake, yenye mwandiko mbovu usiosomeka, na mashine ikatoa barua safi. Alijisifu kwa jambo moja tu maishani, kwamba hakuna barua yake iliyowahi kurudishwa. Alilisema kanisani, alilisema harusini, alimwambia hata mwenye bucha. Nilipofika umri wa kuudhiwa na wazazi, hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Ofisi zilipopunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Kile kidogo alichopewa alinunulia ng'ombe, akawaweka kwa kaka yake, mjomba wangu, mbele ya Kisaju, kwa kuwa ploti yetu ya Kitengela ilitosha kuku na kamba ya kuanikia nguo. Miaka michache baadaye nikafungua saiba hapo hapo Kitengela: kompyuta nne za mitumba, printa moja yenye kelele, na ubao mlangoni wa kutangaza chapa na fotokopi. Mama akawa mpiga chapa wangu. Sikumwajiri. Alikuja asubuhi moja na chupa yake ya chai, akaketi kwenye kompyuta ya karibu na dirisha, akauliza kazi iko wapi.

Mimi nilikuwa nimejifundisha PHP, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kutoka kitabu cha fotokopi ambacho kurasa nyingine zilitoka nyeusi tupu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana kiburi kibaya, na changu kilikuwa cha kutosha mtaa mzima. Niliamini kila tatizo la Kajiado lilikuwa linangoja programu yangu.

Kwa hiyo ukame ulipobana, na mwenyekiti wa kamati ya kisima cha kule kwa mjomba alipokuja kutafuta mtu wa kuwapangia zamu za maji, sikumwacha amalize kueleza. Kisima chao kilikuwa cha mashine. Mashine ilikuwa imeharibika siku nane, watu wakabeba maji kwa punda kutoka mbali, ng'ombe wakapewa ya kulowesha midomo tu. Sasa ilikuwa imetengenezwa, lakini fundi alionya isifanye kazi zaidi ya nusu siku. Maji ya nusu siku yalitosha robo ya ng'ombe wa eneo lile. Kamati ilikuwa na daftari la zamani lenye jina la kila boma na tarehe ya zamu yake ya kwanza, mwezi wa tisa: wengine tarehe tisa, wengine kumi, wengine kumi na moja, wengine kumi na mbili. Kila boma hurudi siku ya nne. Kuhesabu kutoka tarehe hizo hadi leo kuliwagombanisha, maana kila mzee alihesabu akiangalia ng'ombe wake mwenyewe. Mwenyekiti alitaka kila boma lipewe kadi yenye siku yake, na kadi itoke kwenye kompyuta. Alisema kompyuta haina shemeji.

Alinieleza pia kitakachotokea zamu zikichanganyika, nami nilimsikia vizuri, siwezi kusema sikujua. Ng'ombe wenye kiu wakifika wengi kwa pamoja wanavunja birika la kunyweshea, wanyonge wanakanyagwa, na vijana wanaowachunga wamebeba rungu. Mwaka wa ukame wa nyuma mtu alipasuliwa kichwa hapo hapo.

Kati ya ng'ombe kumi na saba wa Mama walikuwa wamebaki saba. Mjomba alikuwa ameleta habari kwamba wawili wanainuliwa kila asubuhi, mmoja akishika mkia, wengine wakimsukuma tumboni. Ng'ombe akilala na akakosa wa kumwinua, huyo amekwisha. Mama aliniambia hayo huku anapiga chapa programu ya mazishi ya mtu, hakuacha hata kidogo.

Niliandika programu yangu kwa kalamu kwenye daftari la shule, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vizito, kisha nikampa Mama aipige. Aliipiga kwenye programu ya kuandikia barua, ndiyo aliyoijua. Ile nayo ina adabu zake. Ukibonyeza alama ya kunukuu iliyonyooka, yenyewe inaipinda vizuri, ya kufungulia huku na ya kufungia kule, kama inavyotakiwa katika barua. PHP haizijui hizo. Kila mahali nilipotaja muundo wa tarehe kulikuwa na alama hizo, na nilipoiendesha ilinigomea kwenye mstari wa nne. Nikahangaika nusu siku nikitafuta kosa katika akili yangu kabla ya kuliona pale kwenye kioo cha kompyuta. Nilimwambia Mama kwa ukali kwamba kompyuta haitaki mapambo. Akasema pole, akauliza ni ufunguo gani. Nikazibadilisha mwenyewe moja moja, nikaona nimeshapita pabaya.

Kisha akapiga orodha ya maboma kutoka kwenye daftari la kamati, majina na tarehe, mistari iliyopangika. Nikaiendesha, kadi zikatoka. Nilitazama mbili tatu za juu, nikaona siku na tarehe zimekaa sawa, basi. Hizo za juu zilikuwa za watu wa tarehe tisa. Jumatatu nikampa kadi zote Hajji, mfanyabiashara mwenye duka pale Kisaju aliyekuwa pia akinunua ng'ombe, mjumbe wa kamati. Watu wote hupitia dukani kwake kwa unga na sukari, kwa hiyo yeye ndiye aliyegawa.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Hajji aliingia saiba. Hakusalimia, jambo ambalo si la kawaida yake. Alipanga kadi juu ya meza yangu, akiziweka polepole moja baada ya nyingine. Alikuwa amewasikia watu wawili dukani, mmoja wa tarehe kumi na mwingine wa kumi na mbili, wote wakifurahi kwamba zamu yao ni Ijumaa. Akawaomba kadi. Akawaomba na waliofuata. Wa tarehe tisa walikuwa na Alhamisi, kama inavyotakiwa, na muda huo walikuwa wananywesha. Wengine wote, makundi matatu, walikuwa na siku moja.

"Kijana," akasema, "kesho umeita kila mtu."

Maboma ya mbali yalitakiwa kuondoka saa nane mchana ili ng'ombe, kwa mwendo wao wa udhaifu, wafike alfajiri. Wengi hawakuwa na simu, na waliokuwa nazo hawakupata mtandao wa simu huko. Tulikuwa na saa nne, na kuyazungukia maboma yale kunakula zaidi ya saa nzima. Nilivuta kiti nikafungua programu, Hajji amesimama nyuma yangu akihesabu tasbihi kwa kidole gumba.

Nilianza na alama za kunukuu, kwa kuwa ndizo zilizoniumiza mara ya kwanza. Mtu aliyeumwa na kitu kimoja hatafuti kingine. Nilizipitia zote, mstari kwa mstari, zote zimenyooka. Nikapitia herufi za muundo wa tarehe, ile ya siku ya wiki, ya mwezi, ya mwaka, nikizisoma kwa sauti kutoka kwenye fotokopi. Zote sawa. Nikazima kompyuta nikaiwasha tena, jambo la kijinga, kwa sababu sikuwa na lingine. Saa tano ikapita. Hajji aliuliza tu kama kuna mtu mwingine Kitengela anayejua kazi hii. Nilimjibu vibaya.

Ndipo nikaiambia programu inionyeshe kila boma imelielewa kuwa na tarehe gani ya kwanza, kabla haijaanza kuhesabu. Maboma ya tarehe tisa yalitoka sawa. Mengine yote yakatoka Alhamisi, tarehe moja Januari, mwaka 1970. Niliitambua tarehe hiyo. Nchi hii imejaa wazee waliopewa tarehe moja Januari kwenye kitambulisho kwa sababu hakuna aliyejua walizaliwa lini, na PHP nayo hufanya hivyo hivyo: tarehe ikimshinda, anaanzia hapo. Alikuwa amehesabu nne nne kutoka mwaka 1970, miaka yote hiyo, kwa uaminifu mkubwa, mpaka akafika Ijumaa. Makundi matatu yakawa ndugu wa tumbo moja.

Kwa nini tarehe zimshinde? Nilizitazama kwenye faili. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili, zimeandikwa vizuri kabisa. Nikaifuta kumi ya boma moja nikaiandika upya mwenyewe. Ikafanya kazi. Yangu na ya juu yake zilifanana kama punje mbili za maharagwe, na moja ilikubaliwa na nyingine ikakataliwa. Nikabadilisha aina ya maandishi, nikayakuza mpaka yakajaa kioo. Hapo ndipo zilipojitenga. Namba moja yangu ilikuwa na kidomo juu. Ile nyingine ilikuwa kijiti kitupu. Haikuwa namba. Ilikuwa herufi L ndogo.

Nilimgeukia Mama. Alikuwa ameacha kazi muda mrefu, mikono juu ya mapaja. Nikamwambia aandike kumi. Kidole chake cha pete cha mkono wa kulia kikashuka pale pale kilipokuwa, kwenye herufi, hakikupanda hata kidogo kwenye mstari wa namba. Alifanya hivyo bila kufikiri, jinsi mtu anavyofunga kifungo cha shati.

"Kwa taipureta yetu hakukuwa na moja," akasema. "Tulikuwa tunatumia hiyo. Wote. Mpaka wakubwa walijua."

Sasa naelewa kwamba mashine za zamani ziliokoa nafasi kwa kutumia ufunguo mmoja kwa L na kwa moja, na kwamba kwenye karatasi hakuna macho ambayo yangeweza kuzitenganisha, na kwamba mwanamke huyu alikuwa ameandika tarehe za wilaya nzima kwa L na hakuna barua iliyorudishwa. Siku hiyo sikutaka kuelewa chochote. Nilisimama nikamwambia mbele ya Hajji, mbele ya wateja wawili waliokuwa wanasoma barua zao, kwamba kazi ya kompyuta si ya watu wa zamani, kwamba akae nyumbani na kuku wake, na kwamba kesho mtu akiuawa pale kisimani atajua ni vidole vya nani. Nilisema hivyo kwa mama yangu mzazi. Wale wateja waliinamia vioo vyao. Hajji alisema jina la Mungu kwa sauti ya chini.

Nikageukia kazi. Hakukuwa na muda wa kurekebisha mstari mmoja mmoja, kwa hiyo niliiamuru programu kila ikikuta L ndogo iweke namba moja, nikawasha printa. Siku zikatoka sawasawa: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nilihisi kucheka. Nilikuwa nimeanza kukata kadi za kwanza kwa mkasi Mama alipoinuka, akachukua moja, akaisoma mdomo ukitembea, kama alivyosoma barua kabla ya kuzipeleka kwa mkubwa.

"Simamisha," akasema. "Soma majina."

Nilikuwa nimeyageuza majina pia. Kila "ole" ya majina ya Kimaasai ilikuwa na namba katikati, kila jina lenye L lilikuwa limeharibika, mengine huwezi kujua ni ya boma gani. Watu ambao tayari walikuwa na kadi moja mbaya wangeletewa nyingine iliyochafua jina la baba yao, tena kutoka kwa kijana wa mjini. Wasingeiamini, na wangekuwa na haki. Nilizima printa. Nikaandika upya amri ile iguse safu ya tarehe peke yake. Kadi zilipotoka Mama alisoma kila moja kabla sijaikata, akiilinganisha na daftari la kamati, na hakuinua macho kunitazama. Tulimaliza saa saba kasoro.

Tuliingia kwenye pikapu ya Hajji sote watatu. Mama alisema anakwenda kwa sababu anayajua maboma, mimi siyajui. Tulianzia Kisaju, kisha tukaacha lami. Kila tulipokuta watu Mama aliteremka, akasalimia kwa Kimaa kwa utaratibu wake wote, habari za watoto, habari za mvua isiyokuja, nami nikikaribia kupasuka kwa haraka. Lakini walimsikiliza. Alichukua kadi ya zamani, akatoa mpya, akaeleza siku. Wengine walikasirika, mzee mmoja alitupa kadi chini kisha akaiokota, mjane mmoja akageuza ng'ombe wake waliokuwa tayari njiani. Hakuna aliyekataa. Saa nane ilipofika tulikuwa tumebakisha maboma manne, na saa tisa moja.

Hilo la mwisho lilikuwa la mjomba. Tulimkuta njiani, alikuwa ameondoka mapema kwa sababu ng'ombe wake ni wa kutembea na kusimama. Wa Mama walikuwa mbele, saba, mbavu zikihesabika. Mmoja alikuwa ameegemezwa kati ya wenzake wawili ili asianguke. Mjomba alifurahi kutuona, akadhani tumekuja kusaidia kusukuma.

Kadi yake ya kweli ilikuwa Jumapili.

Nilikuwa nimeisoma saiba na nikaipita. Yeye alikuwa wa tarehe kumi na mbili, na kosa ndilo lililomsogeza mbele siku mbili. Ng'ombe wa Mama walikuwa njiani kwenda kunywa kwa sababu ya L ile. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilitamani nisingeigundua.

Mama alimpa kadi akamweleza. Mjomba aliisoma, akamtazama kama mtu asiyemjua. Akasema kwa utulivu kwamba boma moja si kitu, kwamba saba hawawezi kuvunja birika, kwamba aliyeandika kadi ni mtoto wao na hakuna atakayejua. Nami nikaunga mkono. Nilisema kweli, Mama, waache waende, hawa wakirudi hawafiki. Hajji alitazama upande mwingine, akawaachia wenyewe waamue.

"Nimerudisha watu tangu saa saba," Mama akasema. "Nimemrudisha yule mjane. Hawa wapite kwa nini?"

Mjomba alimuuliza ni nani aliyekosea hivi. Hilo lilikuwa swali langu. Programu ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyetazama kadi tatu nikaacha zilizobaki, mimi ndiye niliyempa kazi bila kumwonyesha chochote, nikamtukana mbele za watu. Nilisimama pale kwenye vumbi nikiwa na ulimi mzima mdomoni.

"Ni mimi niliyepiga chapa," Mama akasema.

Wakawageuza. Mama hakupanda tena pikapu. Alivua viatu vyake vya mjini, akamwekea Hajji nyuma ya kiti, akakata kijiti akatembea nyuma ya ng'ombe pamoja na kaka yake. Nilisema nami nabaki. Akaniambia niende nikafungue saiba, wateja wanangoja.

Ijumaa watu walinywesha kwa amani, Jumamosi vilevile. Mmoja wa ng'ombe wa Mama alilala njiani Alhamisi ile ile, hata hawajafika nyumbani. Wa pili aliinuliwa Ijumaa, akainuliwa Jumamosi, Jumapili akakataa. Watano wakafika kisimani.

Mama alirudi Jumatatu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwambia, lakini alifika saiba imejaa, akasalimia wote, akaketi akauliza kazi iko wapi. Nikampa barua ya mtu ya kuomba kazi. Niliona kidole chake kinashuka kwenye L, kinasimama hewani, kisha kinapanda taratibu kutafuta moja kwenye mstari wa juu, na macho yake yakakifuata. Alizitazama funguo. Sikuwahi kumwona akizitazama.

Maneno yangu yalikuwa bado kooni mwenyekiti wa kamati alipoingia. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Akasema mbele ya wateja kwamba nimewaepusha watu na damu, kwamba kamati imekubaliana kadi zote za mbeleni zitatoka kwangu. Kisha akauliza, bila ubaya, mara ya kwanza ilikuwa nini.

Mama alikuwa hatua tatu kutoka tulipokuwa. Nilijua alikuwa anasikia, kwa kuwa vidole vilikuwa vimenyamaza. Nilikuwa na kila kitu cha kusema, na mahali, na watu wa kusikia.

"Makosa ya chapa tu, mzee," nikasema. "Yameshapita."

Mwenyekiti akageuka kumtazama mpiga chapa. Mama aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akamwambia pole, akaketi, akaendelea na barua.